Nijiunge na Chama cha Wasiovaa Nguo? Tafakari ya Mwili, Haya na Kovu



Leo naomba mnivumilie, maana mada yenyewe ukiitaja mbele ya kina mama wa WAWATA watajifunika vitenge usoni. Tunaongea habari ya uchi. Tena siyo ule uchi wa kwenye simu ambao kila Kwaresima tunaahidi kuufuta. Huu ni uchi wa watu wazima wenye kazi na familia zao, wanaolipa ada kila mwaka, wenye mwenyekiti na mhazini, na ambao wakikutana ziwani Jumapili mchana hawavai kitu. Nimealikwa nijiunge nao. Na kabla ya kujibu nimesali, nimesoma, nimeuliza. Nimeona nisikae na haya peke yangu, maana najua wapo wengi kati yenu mlioko ugenini, au mtakaokuja, na siku moja mtaulizwa swali kama langu.

Swali lenyewe lilivyokuja

Naishi Ujerumani, huu mwaka wa nne, nafanya kazi ya uuguzi. Nina jirani, mama mmoja mstaafu. Huyu mama ndiye aliyenifundisha kusoma barua za bima, kutenganisha takataka, na kutembea kwenye barafu bila kuvunja kiuno. Krismasi yangu ya kwanza huku nilikula mezani kwake. Kwa hiyo akisema neno, mimi namsikiliza kama ninavyomsikiliza mama mkubwa nyumbani.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Nikiwa na miaka minne nilimwagikiwa na sufuria ya uji uliokuwa unachemka. Kovu langu linaanzia chini ya shingo, linashuka kifuani mpaka tumboni. Bwenini nilikuwa naoga saa kumi alfajiri kabla wenzangu hawajaamka. Nimesoma Tanga miaka minne, bahari iko pale, na sijawahi kuingia majini kuzidi magoti. Shati langu lazima liwe na kola. Wale mnaoniona kwenye picha mnadhani napenda kujiheshimu sana. Kumbe nyingine ilikuwa ni hofu tu.

Jirani yangu aliondolewa titi moja kwa sababu ya saratani. Aliponiona nakataa kwenda bwawani kiangazi cha tatu mfululizo, aliniuliza, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Binti yangu, njoo kwetu. Kule hakuna atakayekukodolea macho. Mimi kule ndiko nilikoacha kujichukia." Wiki iliyofuata akaniletea fomu ya chama chao cha hapa mjini. Ukijiunga na hicho unahesabiwa pia mwanachama wa shirikisho lao la taifa zima.

Jamani, ningecheka? Singeweza. Mtu anayekupa dawa iliyomponya yeye hakutukani. Anakupenda. Kwa hiyo swali halikuwa "hawa watu wana wazimu?" Swali lilikuwa hili: je, mimi niliyebatizwa nikaweke jina langu pale?

Hawa watu ni nani hasa

Tusihukumu tusichokijua. Wajerumani wanauita utamaduni huu kwa herufi tatu, FKK, yaani utamaduni wa mwili huru. Ulianza mwishoni mwa karne ya 19, wakati miji ya viwanda ilipojaa moshi, watu wanabanana vyumbani na kifua kikuu kinaua. Wakatokea waliosema mwili unahitaji jua, hewa na maji, na kwamba nguo zinaufunga. Shirikisho la taifa, Deutscher Verband für Freikörperkultur, liliundwa mwaka 1949, na leo limo ndani ya umoja mkuu wa michezo wa Ujerumani. Wana mpira wa wavu, wana kuogelea, wana kambi za familia kando ya maziwa. Uingereza wana chao tangu mwaka 1964. Ufaransa wana chao tangu 1950, Marekani tangu 1931. Na mwaka 1953 vyama vya nchi mbalimbali vilikutana Montalivet, Ufaransa, vikaunda shirikisho la kimataifa. Maelezo yao rasmi ya mwaka 1974 yanasema lengo ni kuishi kwa kupatana na maumbile, kwa kukaa uchi pamoja, ili mtu ajiheshimu, aheshimu wenzake na atunze mazingira.

Historia yao ina madoa pia. Miaka ya mwanzo baadhi ya waandishi wao, kama Richard Ungewitter, walichanganya uchi na habari za "taifa lenye damu safi". Mimi mweusi nikisoma vile mwili unasisimka. Lakini haki lazima isemwe: walikuwepo pia wengine, kama mwalimu Adolf Koch wa Berlin, aliyefundisha mazoezi watoto wa wafanyakazi maskini, na Machi 1933 serikali ya Wanazi ilitoa amri ya kuzuia harakati hizo. Jirani yangu siyo Ungewitter. Ni bibi anayenipikia supu.

Wanachosema ambacho ni kweli

Mkatoliki haogopi kusema "hapa umesema kweli." Nimepata mambo matatu.

Kwanza, mwili ni mwema. Mwanzo 1:31 inatuambia Mungu alitazama vyote alivyoumba akaona ni vyema sana, na mwili wako umo humo. Kanisa limepigana karne nyingi na wazushi waliosema mwili ni gereza chafu la roho. Sisi tunakiri ufufuko wa miili kila Jumapili kwenye Nasadiki. Ukiuchukia mwili wako, utakuwa unasali Nasadiki nusu.

Pili, tunaumia kwa kutazamana vibaya. Angalieni simu zetu. Dada anajichubua kwa mkorogo. Kaka anameza vidonge avimbe mikono. Picha haipandi mpaka ipitishwe kwenye programu ya kulainisha ngozi. Jirani yangu anasema ziwani kwao utakuta matumbo ya uzee, mishipa ya miguu, mapacha waliozaliwa kwa upasuaji na mama yao mwenye alama yake, na hakuna anayejali. Sisi tuliovaa suti parokiani, je, tunaweza kusema hivyo? Mara ngapi kijana mwenye ulemavu wa ngozi ameingia kanisani macho yote yakageuka?

Tatu, uchi peke yake siyo dhambi. Kila asubuhi kazini naosha wazee, wanaume kwa wanawake. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi ni mwosha wa walio hai. Naiona miili ile na sioni dhambi, namwona mtu. Karol Wojtyła, aliyekuja kuwa Mtakatifu Yohane Paulo II, aliandika hivyo mwaka 1960 katika kitabu chake "Upendo na Wajibu": uchi haulingani moja kwa moja na ukosefu wa haya. Inategemea kama mtu anabaki mtu au anageuzwa kitu cha kutumiwa.

Hata Kanisa la kwanza lilijua hilo. Katika karne ya 4 wakatekumeni walivua nguo zote kabla ya kuingia kwenye maji ya ubatizo. Katekesi zinazojulikana kwa jina la Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu zinaeleza maana yake: unamvua mtu wa kale, unafanana na Kristo aliyevuliwa msalabani. Lakini angalia vizuri. Wanawake walihudumiwa na wanawake wenzao. Na walipotoka majini walivikwa. Nguo nyeupe aliyovishwa mdogo wako siku ya ubatizo ilianzia huko.

Edeni hairudiwi kwa kuvua nguo

Sasa tuingie kwenye Neno, maana hapa ndipo penye mzizi.

Mwanzo 2:25 inasema mwanamume na mke wake walikuwa uchi wala hawakuona haya. Andiko hili ndilo wanalolipenda wale wanaotaka kurudi bustanini. Kanisa limeshawahi kuwaona watu wa namna hiyo. Mtakatifu Epifani, askofu wa Salamis huko Kupro katika karne ya 4, aliandika habari za kundi lililoitwa Waadamu, waliosali uchi na kuliita kanisa lao Paradiso. Kanisa liliwakataa.

Kwa nini, kama mwili ni mwema? Yohane Paulo II alitumia katekesi za Jumatano, kuanzia Septemba 1979 mpaka Novemba 1984, kueleza mambo haya, na mahali pa kwanza alipokaa muda mrefu ni hapa hapa Mwanzo. Kwa maneno yangu mwenyewe, anasema hivi: Adamu na Hawa hawakuona haya kwa sababu macho yao yalikuwa safi. Walipotazamana waliona zawadi. Dhambi ilipoingia, ngozi haikubadilika. Yaliyobadilika ni macho. Ndipo haya ikaja, na haya hiyo ina sura mbili: inaumiza, kwa sababu inatukumbusha tulichopoteza, na inalinda, kwa sababu inamzuia mwenzako asikumeze kwa macho.

Kwa hiyo ukivua nguo umegusa ngozi tu. Macho bado ni yale yale. Yesu katika Mathayo 5:28 hakuanza na nguo za mwanamke. Alianza na moyo wa anayetazama.

Halafu someni Mwanzo 3 polepole. Mstari wa 7, wanajishonea majani ya mtini. Mstari wa 21, Mungu mwenyewe anawafanyia mavazi ya ngozi na kuwavika. Umeona? Mungu hakusema, "Vueni hayo majani mrudi mlivyokuwa." Alisema kwa vitendo, "Majani hayo yatanyauka kesho, njooni niwashonee nguo inayodumu." Fundi cherehani wa kwanza katika Biblia ni Mungu Baba. Na yule mtu wa Wagerasi aliyekaa makaburini, Yesu alipomponya, Marko 5:15 inasema watu walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu. Wokovu katika Biblia mara nyingi unakuja na vazi. Mwana mpotevu naye aliletewa joho.

Kinachofunikwa siyo lazima kiwe kibaya

Jirani yangu aliniuliza, "Kama mwili wako ni mzuri, mbona Kanisa lako linataka uufiche?" Swali zuri. Nikampa jibu la tabernakulo.

Mkatoliki ukiingia kanisani unaona tabernakulo ina pazia. Ndani kuna chombo cha Ekaristi, na chenyewe mara nyingine kina kitambaa. Tunafunika kwa sababu ni kibaya? Hapana, ni kwa sababu ni kitakatifu mno kuachwa kama kikombe cha chai mezani. Mtume Paulo anasema jambo la namna hiyo juu ya mwili katika 1 Wakorintho 12:23: viungo tunavyodhani havina heshima ndivyo tunavyovivika heshima zaidi. Nguo, kwa Paulo, ni heshima.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2521 mpaka 2524, inafuata mstari huo. Haya inalinda undani wa mtu. Inakataa kuweka wazi kinachopaswa kubaki kimehifadhiwa. Na Katekisimu ina busara, inakubali kwamba namna za kuonyesha haya zinatofautiana kati ya tamaduni. Khanga inayotosha Tanga kwa shughuli za nyumbani, mahali pengine itaonekana imekaa vibaya. Kwa hiyo tusilete habari ya sentimita hapa.

Kuna rafiki yangu wa nyumbani aliniambia, "Wewe unahangaika nini, mababu zetu si walitembea hivyo hivyo?" Ndugu yangu, mababu zetu walikuwa na taratibu zao. Hata pale nguo zilipokuwa chache, palikuwa na nani anaoga na nani, mto wa wanawake na mto wa wanaume, mkwe hapiti wapi, jando na unyago vilifundisha nini. Haya ilikuwepo, ila ilivaa shanga badala ya suruali. Usimtumie babu kama wakili wa jambo ambalo hakulifanya.

Makovu ya Yesu

Hapa nilikaa siku nyingi, maana hapa ndipo ninapoumwa.

Yesu alivuliwa nguo. Tunalisali kila Ijumaa ya Kwaresima, Kituo cha Kumi. Walimvua ili wamdhalilishe mbele ya umati. Kwa hiyo nyinyi mliowahi kudhalilishwa mwili, kuvuliwa, kupigwa picha bila ridhaa, kuchekwa mkioga, jueni Mwana wa Mungu amepita hapo.

Lakini baada ya ufufuko kuna jambo la ajabu. Mwili wa Yesu umetukuzwa, kifo kimeshindwa, na makovu bado yapo! Angeweza kuyafuta. Hakuyafuta. Yohane 20:27 anamwita Tomaso alete kidole, alete mkono, auweke ubavuni. Kovu siyo takataka ya kuchoma. Kovu la Yesu limeingia mbinguni.

Sasa jiulizeni: makovu yale aliwaonyesha akina nani? Hakwenda kwa Pilato. Hakupanda ngazi za Hekalu akafungua vazi umati uone. Alikuja chumbani, milango imefungwa, kwa marafiki. Petro analisema wazi katika Matendo 10:41: alionekana, si kwa watu wote, bali kwa mashahidi waliochaguliwa, waliokula na kunywa naye.

Niliposoma hapo nilifunga Biblia nikalia. Maana miaka yote nilidhani nina njia mbili tu: kuficha kovu mpaka kaburini, au kulianika. Yesu ananionyesha ya tatu. Kovu siyo siri ya aibu, na siyo tangazo. Ni zawadi, na zawadi anachaguliwa wa kupewa.

Wahenga walikuwa wanalijua hili. Mficha uchi hazai. Methali hii rafiki yangu yule alinitumia akidhani inamsaidia yeye. Lakini mzazi anajifunua kwa nani? Kwa mkunga. Hajifunui kwa soko zima.

Maswali matano niliyojiuliza

Nilikwenda kuonana na padre mmoja Mtanzania anayesoma huku. Hakunitisha, hakucheka. Aliniuliza tu, "Unakwenda kule kutafuta nini?" Kutokana na swali lile nikaandika mengine. Nayaweka hapa, mnaweza kuyatumia hata kwa vyama vingine na mialiko mingine.

1. Natafuta nini, na je, kule ndiko kinakopatikana? Mimi natafuta kutazamwa bila hofu. Kule ningezoea kutazamwa. Lakini kuzoea siyo sawa na kupendwa. Daktari naye amezoea.

2. Macho yangu na ya wenzangu yako salama? Sitajidanganya. Najua udhaifu wangu, na siwezi kuapa kwa niaba ya moyo wa mtu mwingine. Tena mimi ningekuwa mweusi peke yangu pale, na ninajua macho yanavyokuwa hata nikiwa nimevaa koti la baridi.

3. Mwili wangu nimeuahidi kwa nani? Kama nitaolewa, kuna mtu nitakayempa undani huu kama neno lisilosemwa kwa mwingine. Kama ni utawa, ni wa Kristo. 1 Wakorintho 6:19-20 inasema mimi si mali yangu mwenyewe, nimenunuliwa kwa thamani.

4. Nitamkwaza nani? Paulo katika Warumi 14 anajizuia hata nyama kwa ajili ya ndugu aliye dhaifu. Mimi nafundisha watoto wa Kipaimara wa jumuiya yetu ya Kiswahili. Wazazi wao wakisikia, nitaanza kuwaeleza historia ya Wajerumani tangu karne ya 19?

5. Uanachama unasema nini? Hapa wengi tunapita haraka. Kukutana na jambo mara moja ni tofauti na kusaini. Huku unaweza kwenda kwenye bafu la mvuke ukakuta ndiyo desturi yao, ukageuka ukatoka, yakaisha. Lakini fomu ina jina langu, ada yangu, na maana yake: "Hili nalisimamia, hawa nasema kwa sauti moja nao." Je, nasimamia kwamba kukaa uchi pamoja ndiko kunakorudisha heshima ya mtu? Siamini hivyo. Basi nikisaini, nimesema uongo kwa kalamu.

Nilichoamua

Sitajiunga.

Sijafikia hapo kwa sababu nawaona wachafu. Kanisa halijanipa fimbo ya kumpigia jirani yangu, na hukumu ya dhamiri yake ni ya Mungu. Nimeamua hivyo kwa sababu nimeona dawa ile inagusa jeraha langu halisi lakini haifiki chini. Chini kuna macho. Na macho yanaponywa na Kristo, kidogo kidogo, kwa sala, kwa Kitubio, kwa Ekaristi, kwa kujifunza kumtazama kila mtu kama ninavyomtazama mgonjwa wangu ninayemwosha: kwa staha.

Nilimrudishia fomu mkononi, sikuiacha kwenye sanduku la barua kama mtu anayekimbia. Nikamwambia, "Mama, ulichonitakia ni chema. Nimekishika. Lakini sitakuja ziwani." Nikamweleza habari ya Tomaso. Alisikiliza. Yeye si mtu wa kanisani, lakini alisema hajawahi kumsikia mtu akisema Mungu ana makovu. Halafu nikafanya nilichoogopa miaka ishirini na zaidi. Jikoni kwake, sisi wawili tu, nikafungua vifungo viwili vya shati nikamwonyesha. Akaweka mkono wake kifuani pake, upande usio na titi, hakusema kitu.

Siku hizi kila Alhamisi tunakwenda bwawa la kawaida la mji, wote tumevaa nguo za kuogelea. Yangu haifuniki kovu lote, na nimeamua iwe hivyo. Kuna mtoto mmoja aliniuliza, "Hilo ni nini?" Nikamjibu, "Ni uji." Akacheka mpaka akanywa maji. Najifunza kuogelea nikiwa na miaka ishirini na saba. Bado nazama upande mmoja. Lakini niko majini, jamani!

Kwako unayesoma

Labda kwako siyo kovu la moto. Labda ni uzito, ni chunusi, ni ngozi, ni mguu, ni jambo ulilofanyiwa ukiwa mdogo ambalo hujamwambia mtu. Nakuomba mambo matatu wiki hii.

Mchague mtu mmoja, mmoja tu, anayestahili, umwonyeshe jeraha lako kwa maneno. Mzazi, padre, dada wa jumuiya, mshauri. Tafuta mkunga, usitafute soko.

Futa picha moja uliyoipitisha kwenye programu mpaka hujitambui. Weka ya kwako.

Na ukimwona mtu ambaye mwili wake una tofauti, mtazame usoni, umsalimie kwa jina. Tukifanya hivyo parokiani, hakuna kijana wetu atakayelazimika kwenda mbali kutafuta mahali ambapo hakodolewi macho. Hili ndilo deni letu kwa watu kama jirani yangu. Wao wamejenga mahali pa kukubaliana kwa namna yao. Sisi wenye Ekaristi tumejenga nini?

Tusali

Ee Yesu, uliyevuliwa nguo kwa ajili yetu na kutuvika wewe mwenyewe katika ubatizo, safisha macho yetu. Wale wanaouchukia mwili wao, wakumbushe kwamba Baba aliuona ni mwema sana. Wale waliodhalilishwa, wafunike kwa joho lako. Tufundishe haya isiyo na hofu, na uhuru usio na kiburi. Makovu yetu yaweke karibu na yako, mpaka siku ile utakapoifufua miili yetu na kututazama uso kwa uso. Amina.

Bikira Maria, uliyemvika Mtoto nguo za kitoto horini, utuombee.

Mbarikiwe, vijana wenzangu. Tumsifu Yesu Kristo!